Wambea wa Ploti Yenu

Mdogo wangu mpendwa Nafula,

Pokea salamu kutoka kwenye baridi. U hali gani, na huyo wa tumboni anakuacha ulale? Mimi na mwanangu Amani tu wazima, ila mikono imekauka kwa kunawa kazini. Nimeandika kwa karatasi, nikampa mwenzangu anayerudi Nairobi, kwa sababu simu umeizima tangu ugombane na akina mama wapangaji wenzako wa ploti. Kichwa kigumu hicho umekirithi kwa baba.

Mama ameniambia yote. Kwamba Mama Brayo wa chini alisema kwenye ngazi kuwa mumeo amekutoroka, na maneno yakapanda hadi ghorofa ya mwisho. Kwamba umeapa ukijifungua hakuna mwanamke wa mtaa wenu wa Kware atakayekanyaga kwako. Nafula, nililia. Una haki ya kukasirika.

Lakini hebu nisikilize. Bibi ninayemtunza huku Uingereza alikuwa mkunga. Juzi nikimvalisha soksi nilimsimulia habari zako, nikawaita wale wanawake "gossip", yaani wambea. Alicheka hadi akakohoa. Eti hapo kale gossip alikuwa ndugu wa kiroho, yule anayemsimamia mtoto akibatizwa. Baadaye wakaitwa hivyo wanawake waliokuja mama akishikwa na uchungu, wakapasha maji na kumkanda mgongo. Uchungu ukichukua muda, walipiga soga. Miaka ikapita, watu wakasahau maji ya moto, wakakumbuka soga tu, na neno likageuka tusi.

Nilibaki na soksi mkononi, nikikumbuka Amani alipozaliwa huku. Wauguzi walinitendea wema, kisha nikarudi nyumbani na hakuna aliyebisha hodi. Hakuna aliyenisengenya, maana hakuna aliyejua kama nipo. Niliosha vyombo nikiwa nimeegemea ukuta, mtoto analia, nami nalia. Upweke ule siwezi kumtakia adui, sembuse wewe.

Basi nikampigia Mama Brayo. Nilimfokea kwanza. Halafu akasema, "Nekesa, mdomo wangu ulikosea, nitamwomba msamaha. Lakini si mimi humskia akipandisha mtungi ya maji pekee yake na hiyo tumbo? Roho iliniuma, ndio nikaongea."

Kumbe akina mama wa ploti wamekwisha kupanga nani atakupikia na nani atalala kwako wiki ya kwanza. Kilichowashinda ni kukukabili. Sikuambii usahau walichosema. Naomba tu usilee kichanga peke yako kwa sababu ya hasira.

Nisalimie mama, na shangazi yetu anayeuza matumbo Kiamaiko, na shemeji akipatikana. Mama Brayo usimpelekee salamu. Ndiye aliyeipokea barua hii kwa mwenzangu na kukupenyezea chini ya mlango, na nilimwomba asiondoke mpaka umalize kuisoma. Amesimama hapo mlangoni na uji wako, Nafula. Mpishe aingie.

Dada yako akupendaye,
Nekesa