Majani ya Nasike

Dunga, Kisumu
27 Juni 2021

Ndugu yangu Dalmas,

Salamu nyingi zikufikie huko Nakuru, wewe na mama watoto. Natumaini kifua chake kimetulia na watoto wanapumua vizuri, maana siku hizi hilo ndilo la kuuliza kwanza. Sisi huku tuko, mwili ni mzima. Barua hii anakuletea Sylvia, binti wa jirani. Usishangae nimeandika. Kwa simu unanifokea kabla sijamaliza neno, na mimi nikifokewa nakubali kila kitu.

Naandika nikisimama na kukaa. Nimepika chai mara mbili na zote zimepoa. Tangu tumzike Mama, wiki tatu sasa, situlii mahali pamoja. Nafagia uwanja ambao nimeshaufagia.

Sasa Baba Mdogo ameniambia unakuja Alhamisi, na Ijumaa utamfikisha Nasike kwa chifu. Ati umesema huyo mwanamke wa majani wa Kisian ndiye aliyemuua Mama, kwa hiyo afukuzwe sokoni arudi kwao Bungoma. Ndugu yangu, vijana wameshakutangulia. Jumatano walipindua meza yake, wakakanyagia mwarobaini wake kwenye matope, wakamwita mchawi. Nilikuwa pale, nimeenda kununua mkaa. Aliniona, akainama kuokota majani yake. Woi, Dalmas, nilirudi nyumbani bila mkaa.

Wewe hukuwepo, kwa hiyo nikueleze ilivyokuwa. Mwezi wa tano, korona ilipochacha huku, kila nyumba ilikuwa ikijifukiza. Hata mke wa mchungaji wetu, yule anayekemea mitishamba kanisani, nilimkuta kwa Nasike akijaza kikapu, tukajifanya hatujaonana. Watu waliogopa hospitali kuliko ugonjwa wenyewe. Nasike alinifungia mafungu saba, akanieleza polepole: chemsha, ingia chini ya blanketi na sufuria, mtu mmoja peke yake, asiingie na mwingine. Akasema majani yanafungua pua tu, hayatibu korona, na mtu akianza kukosa pumzi akimbizwe hospitali siku hiyo hiyo. Alirudia mara mbili. Mimi macho yalikuwa barabarani, nisije nikaonekana.

Baadaye Mama aliugua. Alikataa hospitali siku mbili, na tulipompeleka ya tatu tulikuwa tumechelewa. Kwenye matanga Baba Mdogo aliuliza Mama alikuwa akitumia dawa gani, nikajibu ni majani ya Nasike. Hivyo tu. Wengine wakamalizia wenyewe, na mimi nikawaacha wamalizie.

Sasa nikwambie linalonikaba. Majani yale sikumnunulia Mama. Mama alikuwa mzima, akipalilia sukuma wiki yake. Mgonjwa nilikuwa mimi.

Jumatatu moja niliuza debe la omena, wateja wakanirudishia wakinitukana kwamba imeoza. Nikainusa, sikusikia kitu. Mimi, Dalmas, ambaye tangu utoto nachagua samaki kwa pua! Nilijua papo hapo, kwa sababu redio ilikuwa ikiitaja dalili hiyo asubuhi na jioni. Nikanyamaza. Hapa ufuoni ukishasemwa una korona, hakuna atakayegusa samaki wako tena, na niliogopa kupelekwa kutengwa. Mama nikamdanganya kwamba ni mafua.

Na chini ya lile blanketi, haki ya Mungu, nilishindwa. Giza, joto, nilijiona nimezikwa. Nikatoka nikilia, mtu mzima wa miaka arobaini na mmoja. Mama akanicheka, akaniuliza kwani mimi ni mtoto, kisha akainua blanketi akaingia nami. Alinishika mabega na kuniimbia mpaka maji yakapoa. Jioni nne tulikaa hivyo, uso kwa uso. Ningeweza kumkataza. Nilifurahi amekuja.

Kwa hiyo Ijumaa usimshtaki Nasike. Kesho nakwenda kwa chifu mimi mwenyewe, na nikitoka huko naenda Kisian nikaseme haya mbele ya wale waliopindua meza. Naogopa, lakini nitakwenda. Nimetaka tu wewe usiyasikie kwa mtu mwingine. Hasira yako ukifika usishuke nayo Kisian, ilete hapa Dunga.

Msalimie sana mama watoto, na Nyasaye awalinde njiani. Watoto nao wasalimie, na wakiuliza nyanya yao alikufaje, usiwaambie tena kwamba aliuawa. Waambie shangazi yao aliogopa giza, nyanya akaingia kumshika.

Ni mimi dada yako,
Dorca