Asumini ya Mama Imehamia Mabawa

Jumapili. Rasharasha tangu asubuhi, na mimi nimenuna kuliko hayo mawingu.

Wivu, basi! Nautaja kwa jina lake, maana moyoni umeshanijaa.

Ijumaa mume wangu alirudi kutoka kwa mke mwenzangu, mtaa wa Mabawa, na kikuba cha maua mfukoni mwa kanzu. Nikakinusa. Nikakifungua. Asumini ya maua yenye tabaka mbili! Mtaa wetu wa Makorora mzima hakuna mwenye asumini hiyo ila mimi. Marehemu mama alinikatia kijiti chake uani kwake Kigombe, wiki niliyoolewa.

Nikamuuliza. Wala hakuficha. "Nilimkatia mwaka jana, mwalimu wangu. Kijiti tu, nacho unakionea choyo?"

Kijiti tu!

Mimi nafundisha baiolojia. Kila mwaka nawaambia wanafunzi: mmea ukioteshwa kwa kijiti hakuna mbegu, hakuna dume wala jike. Kinachoota si mtoto wa ule wa kwanza. Ni ule ule, umeongezeka tu. Kwa hiyo bibi yule anayo asumini ya mama yangu sawasawa na mimi. Nusu ya mume nilimwachia nikanyamaza. Na hii pia?

Jana mume alipotoka nikachukua panga. Nikaikata asumini yangu mpaka chini, matawi nikayachoma, kisha nikamimina shinani sufuria nzima ya maji ya moto yenye chumvi, isichipue tena, asije akampelekea kingine. Wallahi nilijisikia vizuri. Dakika tano hivi.

Leo nimempigia simu kaka aliyeko Kigombe, anikatie kingine pale kwa mama. Akashangaa. "Dada, umesahau nyumba tuliuza? Aliyeinunua ameshamwaga saruji ua mzima."



Mwalimu mzima, na somo nalijua kwa moyo! Hasira ilinipofusha. Sasa asumini ya mama imebaki moja tu, iko Mabawa, na nasikia imepanda hadi dirishani kwa bibi yule. Kila jioni anaichuma.

Miaka minne sijakanyaga kwake. Kesho nikitoka shule nitakwenda, nitapiga hodi, na najua atanikaribisha kwa ile sauti yake ya asali.

Halafu nitaanzaje kumwomba mke mwenzangu anigawie mama yangu?