Udi, Hita na Kifua cha Mama

Jumatano, 8 Januari. Ibra, Oman.
Hita imezima tena kabla ya alfajiri. Kulanti, yale maji ya pinki ya hita, imeshuka chini ya mstari wa chupa yake. Jana Nassor aliijaza mpaka juu. Nimetandika magazeti chini ya gari usiku kucha: makavu. Maji yanakwenda wapi?

Gari ni la kaka yangu Khalfan, lori la foro-wili lililogeuzwa nyumba. Hita inachemsha kulanti na kuizungusha kwenye mipira ya maji nyuma ya mbao za ukuta. Mdogo wetu Nassor ndiye aliyeifunga. Kwa hiyo lawama zina wenyewe wawili, na wote wawili wana mikono.

Tunampeleka Mama mlimani Jabal Akhdar, alale usiku mmoja kijijini kwa babu yake. Ana pumu. Daktari kasema baridi itamuua. Mama kasema atakwenda.

Alhamisi, 9 Januari. Firq.
Damu leo.

Tulisimama mbele ya gereji. Imefungwa, watu wamekwenda kula. Khalfan akasema hita imefungwa kama kamba ya mbuzi. Nassor akamwambia afungue kifuniko cha chupa atazame mwenyewe. Hita ilikuwa inachemka bado. Nikasema wangoje ipoe. Nassor akamuuliza, "Unaogopa chupa, kaka?"

Khalfan akafungua. Kulanti ikaruka, ikamuunguza mkono na shingo. Alipiga ukelele mmoja tu. Nassor akacheka. Naamini ni kwa hofu, lakini alicheka. Khalfan akaokota spana kwa mkono mzima akampiga nayo ya uso. Jino likaanguka kwenye kokoto. Wakakamatana chini kwenye oili, wanakabana makoo. Nilivuta shati la mmoja likachanika mkononi mwangu.

Mama akateremka na bakora. Aliwapiga wote wawili, vichwa na migongo, bila kuchagua, mpaka pumzi zikamwishia.

"Niueni mie kwanza," akasema, "halafu mgawane gari."

Kisha akakohoa muda mrefu, ameshikilia mlango. Hapo ndipo walipoachana.

Kliniki. Bandeji kwa mkubwa, nyuzi kwa mdogo. Nikashauri turudi nyumbani Sur. Mama akaingia garini.

Ijumaa, 10 Januari. Jabal Akhdar.
Hawasemezani. Khalfan: "Mwambie huyo apunguze mwendo." Nassor: "Mwambie huyo gari halimshindi mtu." Wote wako hatua moja kutoka kwangu. Nimechoka kuwa waya wa simu.

Mchana Nassor amejaza kulanti, amefungua koki na kutoa hewa kwenye mipira mpaka mgugumio wa maji ukakatika. Hita imewaka vizuri. Mama amefukiza udi, kama kila jioni tangu tutoke Sur. Anasema gari bila udi linanuka wanaume. Daktari angelia. Ninaandika haya mikono ina joto.

Jumamosi, 11 Januari. Jabal Akhdar.
Joto halikudumu. Kulanti iliisha, hita ikazima. Asubuhi midomo ya Mama ilikuwa ya kijivu. Anavuta hewa kwa mabega. Dawa ya kuvuta haikumsaidia sana. Khalfan na Nassor wamelala kila upande wake kumpa joto. Niliwachukia wote wawili. Niliitazama ile spana nikatamani kuwapiga nayo.

Udi umekwisha. Nassor alipojaza tena na kuwasha, nilisikia harufu: sukari inaungua. Kulanti. Jioni zote udi uliifunika. Inatoka ukutani, juu ya kitanda cha Mama. Nikawaonyesha.

Nassor akang'oa ubao. Nyuma, sufi yote ya kuzuia baridi imelowa maji ya pinki. Ndiyo maana chini palikuwa pakavu. Skrubu ndefu imetoboa mpira. Mpira ukipoa unaibana skrubu, ukipata moto unavuja. Skrubu ni ya kibao cha ukutani kinachoshika chetezo cha udi. Mama alikitaka, gari likipinda chetezo kisianguke. Aliyekipigilia ni Khalfan.

Khalfan aliiona kabla hajaambiwa. Rangi ikamtoka. Nassor ana spana mkononi, mdomo umevimba, mahali pa jino pako wazi. Alimgeukia kaka yake. Nilijiweka baina yao.

"Nishikie huu mpira," akasema Nassor.

Khalfan akaushika kwa mkono wa bandeji. Nassor akakata palipotoboka, akaunga, akabana. Kulanti ikamwagikia bandeji. Khalfan hakuuachia.

Kufika adhuhuri gari lilikuwa na joto. Midomo ya Mama ikarudi rangi yake. Akaomba chai.

Jumapili, 12 Januari. Njiani, tunateremka Nizwa.
Kulanti iko kwenye mstari. Mama amelala, anapumua kwa pua.

Kibao kimetolewa. Khalfan amekaa mbele, amekipakata chetezo. Kitupu, kimepoa. Nassor anaendesha. Kila kona anapunguza mwendo, na hakuna aliyemwambia.