Duara Shingoni mwa Maren

Kwa dada yangu mpendwa Karla,

Pokea salamu za kaka yako, mtu ambaye hapa Iowa hakuna ndama wala mwanamieleka anayejikuna bila mimi kuitwa kwanza. Natumaini wewe na wenzako wa kiwanda cha samaki huko Alaska hamjambo, na baridi haijawang'ata vidole. Sisi tu wazima, isipokuwa ngozi, na ngozi ndiyo iliyonishikisha kalamu.

Mwanao Maren, ninayekaa naye hapa, alitokewa na kiduara chekundu shingoni. Nilimtupia jicho mara moja tu, maana jicho hili limeshatambua maradhi ya ng'ombe mia tisa, nikatangaza ni ukurutu. Nikampaka ile krimu yangu ya muwasho. Muwasho ukatulia, nikatamba duka zima la mbegu. Duara nalo likapanuka.

Jumamosi, kwenye mashindano ya mieleka, kabla ya kupima uzito, wasichana walipangwa mstari kukaguliwa ngozi kama kawaida. Mwamuzi akaimulika shingo ya Maren, akasema, "Hiki ni choa, kinaambukiza. Huyu hapandi mkekani leo." Karla, nimeshapigwa teke na fahali, sikuumia vile. Tukirudi nyumbani, maili ya ishirini garini, Maren akaniuliza, "Mjomba, ukurutu gani huo unaochora bangili?"

Jumatatu Daktari Sobotka alinieleza polepole, kama anayemfundisha mtoto. Ukurutu hupenda mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti, ngozi hukauka na kuwasha. Malengelenge yakipasuka na kuacha gaga la rangi ya asali, huo ni ugonjwa mwingine kabisa. Choa ni kuvu, huwa na ukingo ulioinuka wenye magamba, katikati pamepoa. Krimu yangu ilinyamazisha muwasho huku kuvu ikijinenepea.

Hatukati tamaa. Mashindano ya wilaya ni Jumamosi hii, na akiyakosa msimu wake umekwisha. Anapaka dawa ya kuvu asubuhi na jioni, mashuka nayafua mimi kwa maji ya moto, mazoezi anakimbia peke yake ghalani. Ijumaa daktari atatazama kama anaweza kumwandikia karatasi ya ruhusa. Nimemwambia atapanda mkekani hata mbingu ianguke. Akanijibu, "Nitapanda, Mjomba. Wewe usiniguse tu."

Ana haki. Hapa kila mtu analaumu timu ya mji wa jirani kwa kutuletea choa, na mimi nililaumu kwa sauti kuliko wote. Ukweli, dada, ni kwamba duara kama lile ninalo mwenyewe tangu Krismasi, nadhani nililipata kwa ndama, na taulo tulikuwa tunatumia moja. Leo asubuhi nimemwambia. Hakucheka. Alisema nisipotibiwa nitamrudishia, kwa hiyo kesho saa tatu namvulia suruali Daktari Sobotka, ambaye nilimfundisha kukamua akiwa na miaka saba. Liko tako la kushoto.

Wasalimie wote wanaoniulizia huko, ila usiwasomee aya hiyo.

Kaka yako,
Orrin Haugland