Sahihi ya Nne

Jumatatu, 5 Agosti 1974

Stensili sita leo. Mbili nimeziharibu kwa haraka zangu. Herufi "o" ya taipureta hii inatoboa karatasi, na dawa ya kufutia imebaki tone chupani. Napiga taipu mimi kwa kuwa ndimi mwanamke. Sababu nyingine sijapewa.

Tuko wanne kwenye kikundi. Mihambo, katibu wetu, Mnyamwezi wa hapa hapa Tabora. Kamugisha wa Bukoba, anayetaka kupelekwa Mlimani asome mpaka aitwe daktari wa vitabu. Mwakalinga wa Tukuyu, mpole, hukubaliana na aliyesema mwisho. Na mimi, mwalimu, Mzaramo wa Kisarawe, niliyemwacha binti yangu kwa mama miaka miwili ili nisomee uongozi wa vijiji. Tumekula sahani moja, tumeugua malaria kwa zamu. Sharti la kozi ni kikundi kimoja, andiko moja, sahihi nne ukurasa wa kwanza. Asiyekubali sura mojawapo hasaini, na pasipo sahihi zote andiko halipokelewi. Labda wenzake wamfute kwa kura. Tangu kozi ianze hajafutwa mtu.

Asubuhi Mihambo kaniibia kijiko, kakitia mfukoni, anataka nikikomboe kwa chai. Nimemwita mpagazi. Kaniita mtumwa wake. Wazee wake walibeba pembe mpaka pwani, wazee wangu wakawapokea, utani ukaanzia njiani. Bila huyu mtani ningekuwa nimesharudi kwetu.

Jumamosi, 10 Agosti

Treni mpaka Tura, kisha mguu, saa mbili za jua. Ziara ya mwisho Kijiji Kipya, kukamilisha sura yangu. Sura ya tatu, maji na afya. Nilidhani nakwenda kuhesabu vyoo tu.

Kisima kimekauka. Chini kuna tope na chura mmoja. Wanawake wanaondoka alfajiri kurudi mahameni, kule walikotolewa, kuchota kwenye visima vyao vya zamani. Wanarudi jua la utosi. Ndoo moja moja.

Bibi Nyamizi, mtani wangu wa ziara ya kwanza, nimemkuta kibarazani anakata viazi vitamu vya kukausha, michembe. Nimemwamkia shikamoo. Hakuitikia. Kasema, "Umekuja kulamba tope, Mzaramo? Si nilikwambia?"

Ni kweli aliniambia.

Jumapili, 11 Agosti

Niandike ilivyokuwa, nisijifiche.

Mwezi wa nne, ziara ya kwanza. Mvua bado zinanyesha, kisima kimejaa hadi kinacheka. Bibi aliposikia natoka Kisarawe alifurahi, mtani kamwangukia mlangoni. Kaninyang'anya kanga, kaivaa, kanicheka ninavyotembea. Kisha kanipa kata ya maji mbele ya watu. "Kunywa, Mzaramo, maliza yote, maana mwezi wa nane utakilamba kisima hiki kama ng'ombe anavyolamba magadi." Watu wakacheka. Nikacheka kuliko wote. Nikanywa. Nikamwambia nikifa kwa kiu anizike pwani, si porini kwao.

Nikarudi chuoni nikaandika "maji yanatosha mwaka mzima".

Mtani hachukiwi kwa neno lake, ndivyo tulivyolelewa. Basi nami sikulichukua neno lenyewe. Nililiacha pale pale na kicheko. Sikumuuliza mara ya pili, kwa utulivu, bibi, ni kweli? Hata mtoto wa darasa la tatu angeuliza.

Taarifa ile ilipelekwa wilayani. Kwa taarifa ile kaya nyingine arobaini zinaletwa Kijiji Kipya kabla ya mvua. Arobaini. Kwenye tope na chura mmoja.

Jumanne, 13 Agosti

Nimewaambia wenzangu. Nataka kuiandika upya sura ya tatu, na taarifa ya kwanza tuifute kwa barua, kwa majina yetu.

Mwakalinga kanisikitikia. Kamugisha kauliza kama najua kwamba sura ya nne na ya tano zimejengwa juu ya ile ya tatu. Najua, nimezipiga taipu mwenyewe. Kauliza kama najua tumebakiwa na wiki tano kabla ya kukabidhi andiko. Mihambo alifunga daftari lake, akasema, "Ndugu Mwanahawa, tutalitazama."

Ndugu Mwanahawa. Miaka miwili hajawahi kuniita hivyo.

Ijumaa, 23 Agosti

Kikao cha kujikosoa, kama kila Ijumaa. Kila mmoja anasimama, anataja kosa lake, wenzake wanaongeza. Kwa kawaida ni mambo ya nani kachelewa zamu ya jiko.

Nimesimama nikataja langu. Nilidhani hapo ndipo mahali pake. Kamugisha akaongeza kuwa nina ubinafsi, kwamba nasafisha roho yangu kwa jasho la watu watatu. Mwakalinga akakubali. Mihambo akaandika kumbukumbu, kichwa chini.

Lililoniuma ni kwamba Kamugisha hakukosea yote. Nataka kusafisha roho. Ana watoto watano na mshahara wa ualimu, na njia yake ya Mlimani inapita kwenye karatasi zangu. Nikiwa yeye ningepiga kelele zaidi.

Ila si yeye anayetembea na ndoo.

Jumanne, 27 Agosti

Kimya. Ugali wa unga wa njano, maharage. Wanaongea nikiwa mbali, nikifika wanazungumzia hali ya hewa.

Kijiko changu kipo. Hakuna aliyekigusa.

Alhamisi, 29 Agosti

Nimekwenda mjini kununua karatasi dukani kwa yule Mhindi wa karibu na stesheni. Kaniuliza, wenzako wako wapi leo, mbona peke yako? Nimesema wana kazi. Kaniongezea kalamu ya risasi bure. Nusura nilie mbele ya majora ya vitambaa. Ujinga mtupu.

Jumatano, 4 Septemba

Bibi Nyamizi amelazwa hospitali ya Kitete. Kuhara na homa. Mjukuu wake alikuja chuoni kumwambia Mihambo, ndugu yao wa mbali, nami nikasikia kwa kupita tu.

Nimekwenda saa za kuona wagonjwa. Amekwisha, kanga imebaki na mifupa. Nimeketi nikamwomba radhi, nimepanga maneno tangu asubuhi. Kanikatiza. "Usinililie, mtumwa. Ngoja nife kwanza, ndiyo kazi yako." Akacheka, akakohoa. Nikasema nilipaswa kukuuliza, bibi. Akafumba macho. "Mimi nilisema. Masikio ni yako."

Nimepishana na Mihambo mlangoni. Kanisalimu kwa heshima.

Jumamosi, 7 Septemba

Amefariki jana. Sijui kama ni maji. Uzee nao ulikuwepo. Nikisema ni maji nitakuwa najipa ukubwa, nikisema si maji nitakuwa nakimbia.

Wameniita. Kwenye msiba wao lazima awepo mtani, na Mzaramo wa karibu ni mimi. Mihambo ndiye aliyeleta ujumbe, kasimama mlangoni, hakuingia. Nimemwambia siwezi. Kasema, "Anakusubiri." Basi.

Jumapili, 8 Septemba

Tumemzika Kijiji Kipya. Miguu imejaa vumbi, sauti imekauka. Naandika haya kabla giza halijaingia.

Niliyafanya yote yanayompasa mtani. Nimevaa kofia ya marehemu ya kulimia. Nimelala kwenye mkeka wake nikikoroma. Nimewatukana waliaji kwamba wanalia kama mbuzi waliokosa chumvi. Waliokuwa wanalia wakacheka, ndiyo maana yake. Kisha nikashuka kaburini, nikaketi. Mtani akishakaa humo maiti haishuki mpaka apewe anachotaka. Watu huomba kuku, huomba senti.

Nikaomba maji. Nikasema nipeni maji ya kisima cha kijiji hiki, nisipokunywa sitoki.

Kicheko. Kisha kikapungua. Wakaenda kweli. Walikaa sana. Kikaja kikombe nusu, rangi ya kakao. Nikakinyanyua kumwelekea yule bwana wa wilayani aliyekuja na Landrova. Nikasema, "Mzee, huyu mpagazi aliniambia mwezi wa nane nitalamba tope. Nikacheka. Nikakuandikia wewe kuwa maji yapo. Haya, karibu, tunywe wote, maana unatuletea wageni kaya arobaini."

Wanawake wakapiga vigelegele. Nikamtazama yule bwana. Alikuwa anacheka, mabega yanatikisika, anajifuta macho kwa leso. "Ah, Wazaramo! Wazaramo kwa utani!"

Nikajiona mwenyewe pale. Mwezi wa nne, na kata mkononi.

Nikanywa, nikatoka kaburini. Mihambo alinipa mkono kunivuta juu, akauachia mara moja.

Jumatatu, 9 Septemba

Msibani neno linasemwa hivyo, nalo linabaki msibani. Langu sasa halina budi kuwa kwenye karatasi, bila kicheko, na jina chini yake.

Nimepiga taipu kuanzia saa moja asubuhi. Sura ya tatu mpya, kurasa saba. Nani anatembea, mpaka wapi, na ndoo ngapi. Aliyeandika taarifa ya kwanza ni nani. Sikulalamika popote ndani yake. Kazi nzuri kuliko zote nilizofanya hapa, najisifu, hakuna mwingine wa kunisifu.

Ningeweza kuichomeka tu. Stensili zote ziko kwangu, na wao hawazisomi. Wangesaini kwanza na kugundua baadaye. Nimelifikiria jambo hilo kwa muda wa chai nzima, na bado linanitia aibu.

Alhamisi, 12 Septemba

Nimeziweka mezani sura zote mbili, ya zamani na mpya. Nikasema ya zamani siisaini.

Kamugisha hakupiga kelele. Alisema kwa upole kwamba hana jinsi. Akaomba kura.

Mkono wa Kamugisha. Mkono wa Mwakalinga, nusu, mpaka kwenye sikio. Kisha Mihambo. Alinikazia macho muda wote, na mkono akaunyanyua hivyo hivyo.

Nimefutwa. Wa kwanza tangu kozi ianze. Hatimaye nami nimekuwa wa kwanza katika jambo.

Jumatano, 18 Septemba

Mfungo umeanza. Jana jioni mwezi ulionekana juu ya paa la bwalo, nikaonyesha kwa kidole, hapakuwa na mtu wa kumwonyesha.

Sura yangu na stensili zake nimempelekea mkufunzi. Kaipokea kwa mikono miwili. Kasema aliyefutwa hana andiko, kwa hiyo hajui aiweke faili gani. Ataulizia. Cheti sina. Nimpe mama taarifa gani? Binti ataniuliza nimeleta nini.

Futari ya uji peke yangu. Chumvi imezidi.

Jumatatu, 30 Septemba

Wametetea andiko lao leo. Nilisikia makofi kutoka chumbani kwangu. Wamefaulu, wote watatu. Nilifurahi kidogo kisha nikakasirika kwa kufurahi. Nawachukia na nimewazoea. Mwakalinga kaja kuaga, kaleta ndizi mbili, kasahau kuwa nimefunga, kaona haya, kaondoka nazo.

Kuhusu malori ya zile kaya hakuna anayejua. Wengine wanasema wiki hii.

Jumapili, 6 Oktoba

Ndani ya treni. Mwandiko unaruka, si kosa langu.

Nilikwenda stesheni peke yangu na sanduku na kapu. Nilishakaa dirishani nikavua viatu kupumzisha miguu. Mara mtu kaingia mbio behewani, jasho, shati la kazi. Mihambo. Vidole vyote vyeusi kwa wino wa mashine ya kudurufu.

"Mtumwa unatoroka bila kuaga?"

Kaniwekea mfuko wa michembe kapuni. Nikamwambia nimefunga. Kasema jua huwa linazama, hata Uzaramoni.

Kisha kasema kwa haraka, bila utani, akitazama sakafu, kuwa stensili za sura yangu alizichukua kwa mkufunzi. Kadurufu nakala ishirini. Kapeleka mwenyewe bomani jana, moja wilayani, moja kwa mkuu wa mkoa, nyingine kila ofisi yenye mlango. Jina langu chini. Na lake. Nikamuuliza, na cheti chako je? Kasema wakikitaka watamfuata, ndicho kinachomnyima usingizi. Hakuomba radhi kwa ule mkono, nami sikumsamehe kwa mdomo.

Filimbi ikalia. Akainama kana kwamba anafunga kamba, akanyakua kiatu changu cha kushoto, akaruka chini. Akasimama jukwaani amekikumbatia. "Uje ukikomboe!" Abiria wakacheka. Nikamtukana mpaka stesheni ikapotea. Nilikuwa nalia wakati huo, nadhani hawakuona.

Tumefika Tura jua linazama. Nimetazama barabara ya Kijiji Kipya muda wote treni iliposimama. Mwanamke mmoja na baiskeli. Lori sikuona. Kesho sijui.

Nimefungua kwa maji ya chupa, mafunda mawili. Mengine nimeyaacha. Kisha nimekula michembe, mguu mmoja una kiatu, mwingine uko juu ya sanduku.