Ngazi ya Sentimita Ishirini na Mbili

Jumatatu, 3 Machi

Fomu za safari zimefika, yangu na ya mume wangu. Kurasa sita kila moja! Nimeisoma yangu mara mbili, na mara ya pili nimeelewa kidogo kuliko ya kwanza. Miaka thelathini na moja nimesahihisha mitihani ya sayansi ya watoto wa watu, leo karatasi ya kwenda kutazama kobe inanitoa jasho.

Ninachokijua ni hiki. Meli inaondoka tarehe kumi Aprili. Siku nne, visiwa vitatu. Viwili vya kwanza ni vya ndege, na hao nitawaona hata nikikaa kitini. Cha tatu ndicho changu. Kobe wakubwa, wazito kuliko mimi, wanazurura wenyewe bila uzio. Kila mwaka nilimchora kobe ubaoni — gamba, shingo, miguu minne — na watoto wakiniuliza kama nimewahi kumwona mkubwa, nilijifanya natafuta chaki.

Ila meli haifiki ufukweni. Unateremka ngazi ubavuni mwa meli, unaingia boti ya mpira, boti inakupeleka. Na mimi nina nyonga ya chuma na fremu ya kutembelea inayolia kila hatua.

Swali la 14: abiria anaweza kupanda na kushuka hatua tatu bila kubebwa? Abiria yupi? Mimi, au kila mtu? Nimemwuliza mume wangu. Mimi namwita Fundi kama wanavyomwita wote, maana alikuwa fundi saa mpaka Januari, alipofunga duka ghafla na kutangaza kwamba siku hizi watu wanatazama saa kwenye simu. Fundi akasema tuandike ndiyo, yaishe. Akaongeza kwamba kobe watanipokea vizuri, mwendo wetu ni mmoja.

Nimemwambia nyonga si yake.

Jumatano, 5 Machi

Nimempigia dada wa ofisi ya safari. Mpole, ila anaongea kama anakimbizwa. Kwenye kipeperushi, kando ya kisiwa cha tatu, kuna alama ya kiti cha magurudumu. Nikafurahi, nikamwuliza: kwa hiyo kiti kinafika? Akasema hapana, Mama, alama hiyo maana yake kiti kinabaki melini. Na kisiwa cha kwanza, kisicho na alama? Hicho kiti kinafika, ndiyo maana hakina alama.

Nimekata simu. Kisha nikapiga tena, kwa sababu nilisahau kuuliza masharti.

Masharti ni mawili. La kwanza: mtu mwenye shida ya kutembea apande na kushuka hatua tatu, kila moja sentimita ishirini na mbili, akiwa ameshikwa mkono mmoja tu. Mtaalamu wa viungo aone na atie sahihi. La pili: awe na msaidizi wake, mtu mzima anayetembea vizuri, anayeona vizuri, anayesikia vizuri. Likikosekana moja, abiria anabaki melini wenzake wakishuka.

"Lakini msijali, Mama," akasema. "Darubini mtapewa."

Darubini! Nisafiri siku nne nikamwone kobe kwa darubini? Si bora niendelee kumchora.

Ijumaa, 7 Machi

Sharti la pili tunalo, yupo uani anapiga misumari. Fundi ananitengenezea ngazi ya mazoezi kwa mbao za meza yake ya kazi. Hatua tatu na mhimili wa kushikia. Amepima kwa tepu, amekata, amepigilia, ameipaka na rangi. Nikamwuliza kama ni ishirini na mbili kamili. Akasema ishirini na mbili kamili, zote tatu.

Sikupima. Nani apime alichopima Fundi? Huyu ndiye mtu aliyekuwa akiona vumbi ndani ya saa ya mkononi.

Jumamosi, 8 Machi

Nimeshindwa.

Hatua ya kwanza tu. Mguu wa kushoto haukufika juu. Nikajaribu wa kulia, ukafika, ila mwili ulikataa kufuata. Fundi alinishika vizuri. Mara ya tatu nikakaa hapohapo kwenye mbao, rangi haijakauka sawasawa, nikalia, na gauni likaharibika.

Sentimita ishirini na mbili! Hazifiki hata urefu wa rula ya mtoto. Nimezeeka lini kiasi hiki?

Jumanne, 11 Machi

Jambo la ajabu. Leo nilikuwa na miadi ya nyonga hospitali. Lifti mbovu. Nikapanda ngazi, mkono kwenye chuma, nesi akinibebea fremu. Hatua nane! Nilifika juu nikihema, lakini nilifika. Kisha nikashuka zote nane.

Nimerudi nyumbani nimejaa matumaini, nikaiendea ngazi ya uani. Hatua moja. Hapana.

Naweza nane, siwezi moja. Sielewi. Nimemwuliza Fundi, akafikiri, akasema pengine ngazi za hospitali hujengwa fupi, kwa ajili ya wagonjwa. Nikaona ina maana. Nikaenda kukanda kiuno.

Alhamisi, 13 Machi

Wakati wa chai Fundi ameleta wazo. Eti kisiwa cha tatu tukiache. Tukae wote wawili juu ya meli, tunywe kitu cha baridi, tuwaangalie wengine wakihangaika na maji. Aliyasema hayo anatazama dirisha, mimi niko upande mwingine.

Nikamwambia yeye ana miguu, ashuke. Akasema bila mimi hashuki. Nikamwambia basi nitafanya mazoezi.

Baadaye binti yetu akapiga. Yeye ni nesi, mji mwingine, zamu juu ya zamu. Akaanza kunipa pole. Pole ya nini? Ya kisiwa. Baba amemwambia kwamba sitaweza.

Kwa hiyo wanajua wote isipokuwa mimi! Wiki nzima natoka jasho kwenye zile mbao, kumbe hukumu imeshatoka.

Jumapili, 16 Machi

Mara nne. Hapana.

Hatuongei sana. Ameniuliza chumvi iko wapi, nikamwambia iko mbele yake. Na kweli ilikuwa mbele yake.

Jumatatu, 17 Machi

Niandike kwa mpangilio.

Mtaalamu wa viungo amekuja saa nne. Ni mama wa makamo, anacheka kwa urahisi. Nilimwonya mapema kwamba amepoteza safari yake. Akaitazama ngazi ya Fundi, akaizunguka, akasimama kando yake. Akauliza nani kaitengeneza. Kisha akatoa tepu mfukoni.

"Mama, hii ni thelathini na mbili," akasema. "Hata mimi nisingependa kuipanda."

Akapima ya pili. Thelathini na mbili. Ya tatu, hivyohivyo.

Kwenye gari lake ana visanduku vya mbao vya mazoezi. Akavipanga viwe hatua tatu za ishirini na mbili. Nikapanda. Nikashuka. Nikapanda tena bila kuambiwa! Akatia sahihi hapohapo juu ya boneti. Akanifundisha na mshiko wa mabaharia: hushikani viganja, vinateleza, kila mtu anakamata kifundo cha mkono wa mwenzake, kwa hiyo hata mmoja akiachia, mwingine bado ameshika.

Nilipaswa kufurahi. Alipoondoka nikamwuliza Fundi. Akasema labda tepu ni mbovu. Nikaichukua tepu yake, nikaiweka kando ya rula yangu ya shule. Ni nzima. Hapo nikawaka. Kikulacho ki nguoni mwako! Anapima vibaya makusudi, ananiacha nijitese siku tisa, kisha anampigia mtoto simu ya kunizika.

"Kama hutaki kwenda na mimi, sema kwa mdomo," nikamwambia. "Usiseme kwa mbao."

Aliokota tepu, akaileta karibu na uso, akaisogeza mbali, akageuza kichwa pembeni kama anayesikiliza. Sikuelewa ninatazama nini. Nikaingia ndani.

Jumanne, 18 Machi

Asubuhi nzima nimemtazama mume wangu kama jaribio la maabara.

Anamimina chai kidole kikiwa ndani ya kikombe. Ujumbe ukiingia kwenye simu ananipa nimsomee, miwani iko mbali — na miwani iko puani. Akizungumza na mimi anatazama sikio langu. Mambo hayo nimeyaona kila siku tangu mwaka jana, na kila siku nikayapa jina lingine. Uzembe. Dharau. Utu uzima.

Saa sita nimemweka kitini, nikamwuliza anaona vidole vingapi. Akasema nisimfanye mwanafunzi. Nikamwambia ajibu. Akasema haoni kidole hata kimoja, anaona mkono ukingoni tu, na katikati pamefutika.

Tangu Novemba. Mteja alirudisha saa akasema gurudumu la ndani limewekwa kinyume, na kweli lilikuwa kinyume. Akaenda kwa daktari wa macho bila kuniambia, siku ile aliyosema anafuata vipuri. Daktari akasema miwani haitasaidia, itaendelea polepole. Akafunga duka. Mimi wakati huo nilikuwa kitandani na nyonga mpya, akaona mzigo mmoja unatosha nyumbani.

"Nilisoma ishirini na mbili, Mwalimu," akasema. "Naapa nilisoma ishirini na mbili."

Nikamwuliza, na kisiwa? Kwa nini alitaka tubaki juu?

"Ukianguka majini, nitashika wapi?"

Nimelia mara ya pili mwezi huu, na safari hii si kwa ajili ya mguu. Nina aibu pia. Miaka yote nimewaimbia watoto: pima mwenyewe, usiamini kwa sababu fulani kasema. Rula ilikuwa kwenye droo.

Jumatano, 19 Machi

Swali la 19. Msaidizi anaona vizuri? Ndiyo. Hapana. Weka alama.

Nikiweka hapana, sharti la pili limekufa. Nabaki melini mimi na cheti changu chenye sahihi. Nikiweka ndiyo, nimesema uongo, na uongo wenyewe utafanyika juu ya maji. Binti hawezi kupata likizo, nimeuliza. Jirani hapandi kitu kinachoelea. Fundi anasema niweke ndiyo. Nimemkumbusha kwamba hata swali la 14 alisema niweke ndiyo. Akasema na si ilikuwa kweli?

Kumbe ilikuwa kweli!

Tumempelekea seremala ile ngazi, ameikata. Jioni tumefanya mazoezi kwa mshiko wa mabaharia. Mimi nasema: sasa. Yeye anakaza. Nikishuka, namwambia hatua yake iko wapi, anashuka. Hatujakosea hata mara moja, na tumerudia mara kumi. Kwa hiyo tunaweza au hatuwezi? Kichwa kinaniwanga. Nimeweka alama kwa penseli, nimeifuta, nimeweka upande mwingine, nimeifuta. Karatasi imeanza kutoboka.

Ijumaa, 21 Machi

Naandika nikiwa kwenye benchi la ofisi ya safari, gatini. Leo ni siku ya mwisho ya fomu. Nimekuja na swali la 19 wazi. Nilidhani nitalijibu njiani.

Dada wa ofisini hakuliona. Alipindua kurasa, akagonga muhuri, akasema kumebaki jambo dogo: wenye shida ya kutembea wanajaribishwa kwenye boti yenyewe. Sasa hivi. Hilo halikuwa kwenye fomu! Akatukabidhi kwa msimamizi wa boti, bwana wa makamo, kalamu sikioni.

Boti ya mpira imefungwa kwenye ngazi ya gati. Inapanda na kushuka, si kama mbao za uani. Nikapiga moyo konde. Msimamizi akachukua fremu yangu, akasema msaidizi anishike. Fundi akanyoosha mkono, nikakamata kifundo chake, akakamata changu. Nikasema: sasa. Mguu mmoja. Wa pili. Nimo ndani ya boti! Nilitaka kupiga kelele, nikajizuia.

Kisha zamu ya Fundi. Sikuachia mkono. Nikamwambia polepole: mbele kidogo, chini kama hatua ya jikoni, ngoja ipande, sasa. Akashuka. Hakuyumba. Tukarudi juu vilevile, yeye akinivuta, mimi nikimwambia.

Msimamizi alikuwa ametutazama muda wote. Akatoa kalamu sikioni.

"Kati yenu, msaidizi ni nani?"

"Mimi," akasema Fundi.

"Mimi," nikasema. Tulisema pamoja.

Bwana yule akaitazama fremu yangu. Akamtazama Fundi, aliyekuwa ameelekeza uso wake kidogo kando, kama anavyofanya siku hizi akitaka kumwona mtu. Hakuandika kitu. Akasema tukae hapa, akaingia ndani na fomu zetu zote mbili.

Mlango uko nusu wazi. Anaongea na dada, chini kwa chini. Nasikia "wote wawili ni wasaidizi", kisha karatasi zinapinduliwa. Fundi hajaachia kifundo changu, naandika kwa mkono uliobaki. Ananiuliza yule bwana ana uso gani. Nimemwambia sijui, amenipa mgongo. Sasa amegeuka. Anakuja huku, ameshika fomu moja tu, yangu, imefunuliwa kwenye swali la 19, na anatafuta kalamu —