Mwezi wa Idi kwenye kisiwa cha meli

Mama, nakushika miguu. Khadija anayekusomea kadi hii namsalimu; asome taratibu, asiruke kitu.

Pwani uionayo kwenye picha ni ya kisiwa kizima walichokikodi wenye meli kwa ajili ya abiria wao. Hakina nyumba wala msikiti, wala binadamu ila sisi tuliotoka melini. Sisi maweta twashushwa nao, twawachomea samaki na kuwapelekea vinywaji mchangani. Nami Ramadhani nzima nimefunga, Mama, jua likinichoma utosini.

Jana magharibi nilikuwa nimebeba sinia la bilauri, nikainua macho, nikauona mwezi wa Idi, mwembamba kama uzi wa kofia. Nilisahau nilipo. Nikaweka sinia chini, nikaita kwa sauti yangu yote, kama tuitavyo darini kwetu Mji wa Kale: "Mwezi umeandama!" Nikangoja mtaa uitike. Wazungu waliolala mchangani wakanipigia makofi. Mmoja akanitaka niite tena, apate kunipiga picha.

Leo ni Idi. Ile kanzu uliyonishonea imo sandukuni, sikuivaa. Mkubwa wetu amependezwa, ameniamuru niite vile vile kila jioni, mwezi uwepo usiwepo.

Mungu akuweke, Mama, na watoto wape mkono wa Idi kwa niaba yangu. Ila jioni ukiwa darini, ukihisi wanisikia nikiita, usiitike.

Mwanao,
Abdalla